Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtu wa Kitabu na Jembe



Kijitabu cha taarifa ya mwaka kina hesabu nyingi. Humo mtu ataona shilingi ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, wagonjwa wangapi wametazamwa, na wafiwa wangapi wamesaidiwa katika mazishi. Hesabu hizo ni za lazima, kwa maana chama kisicho na hesabu hakina uaminifu. Lakini liko jambo moja ambalo hesabu haziwezi kulionyesha, nalo ni saburi: ni mara ngapi mtu alitaka kukata tamaa juu ya mwenzake, kisha akajizuia.

Katika mikutano yetu ya mwaka huu swali moja limerudi mara kwa mara. Tumfanyeje mwenzetu aliyelegea? Yuko aliyeacha kutoa mchango wake, yuko aliyetukosea kwa maneno, na yuko ambaye hatumwoni ila siku ya msiba wake mwenyewe. Wengine wamesema jina lake likatwe mara moja. Wengine wamesema angojewe. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na swali hilo bado liko mbele yetu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika hapa habari za maisha ya mtu mmoja aliyejua sana maana ya kungoja, Kanoni Apolo Kivebulaya wa Uganda na Mboga, aliyefariki mwaka 1933. Jina lake si geni kwa wazee wengi. Hata mwaka 1921 kanisa la Kianglikana katika Nyanza lilikuwa chini ya dayosisi ya Uganda, kwa hiyo huyu alikuwa mtumishi wa nyumba moja na baba zetu wa upande ule.

Ujana wake

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 katika nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha. Kwa desturi ya Waganda, katika mapacha wa kiume yule wa kwanza huitwa Waswa na wa pili huitwa Kato, nao wazazi wao hupewa majina ya heshima, baba Salongo na mama Nalongo. Basi jina la utoto la Apolo lilikuwa Waswa.

Siku zile zilikuwa siku za mageuzi makubwa katika Buganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa amewakaribisha wageni wa namna nyingi barazani kwake. Waislamu kutoka pwani walikuwa wamefundisha dini yao huko kwa miaka mingi. Mwaka 1878 akaja Alexander Mackay, fundi Mskochi, aliyefanya kazi ya chuma na mbao kwa mikono yake mchana, na kuwafundisha watu kusoma. Kijana Waswa alimsikia Mackay akifundisha, na maneno yale yakamgusa. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kugeuka ni jambo jingine.

Hatutaficha kwamba njia ya kijana huyu haikunyoka. Alifuata kwanza mafundisho ya Waislamu kwa muda. Habari za maisha yake husema pia kwamba alizoea kuvuta bangi, akaishi maisha ya ovyo pamoja na vijana wa rika lake. Vita vya dini vilipoanza katika Buganda mwaka 1888, naye aliingia vitani kama vijana wengi, bila kujua hakika anapigania nini. Mwaka 1891 alikuwamo katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda magharibi hata nchi ya Toro, ambako Mfalme Kasagama alirudishwa katika kiti chake. Hapo ndipo Waswa alipoona kwa mara ya kwanza nchi ile iliyo chini ya milima ya Ruwenzori, wala hakujua kwamba siku moja atarudi huko bila bunduki.

Jina la Kivebulaya alilipata kwa ajili ya mavazi. Alipenda kuvaa juu ya kanzu yake koti la kijeshi lililotoka ng'ambo, na watu wakamwita kwa lugha yao kile kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la mzaha, lakini likadumu naye hata kaburini.

Mwezi wa Januari mwaka 1895 alibatizwa, akapewa jina la Apolo. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 31. Na tuangalie jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa maisha yake yote. Tangu Mackay kufika Buganda hata siku ya ubatizo huo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 16. Mackay mwenyewe hakuiona siku ile. Alikuwa amekufa kwa homa mwaka 1890, kusini ya ziwa, mbali na Buganda aliyoipenda. Kama Mackay angewahesabu wanafunzi wake kwa mwaka mmoja tu, jina la Waswa lingewekwa katika orodha ya waliopotea. Lakini Mwenyezi Mungu hakulikata. Alimngoja katika bangi, akamngoja vitani, akamngoja miaka yote ile, kama mkulima anayengojea mvua wala hang'oi mche kwa sababu umechelewa.

Apolo hakulisahau jambo hilo. Katika kazi yake yote baadaye tutaona kwamba aliwavumilia watu kama mtu anayelipa deni.

Safari ya Mboga

Katika miaka ile moto wa kuhubiri uliwaka sana katika Buganda. Tangu mwisho wa mwaka 1893 Wakristo wengi Waganda walijitolea kwenda kufundisha katika nchi za jirani, wala hawakungoja Wazungu wawatangulie. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imepigwa chapa kwa lugha ya Luganda. Ilitengenezwa kwa umbo jembamba na nene, ipate kuingia katika kopo la biskuti, mchwa wasiile. Twalitaja kopo hilo kwa sababu linaonyesha jinsi imani ya watu wale ilivyokaa pamoja na mambo ya nyumbani. Neno la Mungu lilihitaji kulindwa na mchwa kama vile mahindi yanavyohitaji kulindwa ghalani.

Mwaka 1895 Apolo alitumwa Toro kuwa mwalimu. Huko akasikia habari za Mboga, nchi iliyo upande wa pili wa mto Semliki, kando ya msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda huko kabla yake, lakini kazi ikawashinda. Tabaro, chifu wa Mboga, hakuwapa chakula. Sasa Mganda wa siku zile, hasa mwanamume mwenye cheo au elimu, aliona kulima kuwa kazi ya wanawake. Mwalimu alitazamia kulishwa na watu anaowafundisha. Walimu wale waliponyimwa chakula waliona njaa, nao wakarudi.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo akajitolea kwenda mahali pao. Alichukua kitabu chake, akachukua na jembe. Hili ndilo tendo la kwanza la Apolo katika Mboga ambalo tungependa kila mwanachama alikumbuke. Hakuanza kwa kubishana na chifu juu ya haki ya mwalimu kulishwa. Alikata nyasi, akalima, akapanda, akangoja chakula chake kikue kama mtu mwingine yeyote. Hivyo aliwafundisha watu jambo moja kabla hajafungua kitabu: kwamba hakuja kula jasho lao. Na mkono ulioshika jembe asubuhi ndio ulioshika kitabu jioni, ukiwafundisha wasomaji herufi moja moja.

Taabu zake

Tusimhukumu Tabaro upesi. Nchi za upande ule zilikuwa zimeteswa sana. Askari Wasudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka, ambao Lugard aliwakusanya mwaka 1891 na kuwaweka katika ngome za Toro, waliwanyang'anya watu chakula na mifugo. Waganda nao walionekana kuwa rafiki za watawala wapya. Kwa chifu wa Mboga, mgeni mwenye kanzu aliyetoka mashariki alikuwa dalili ya hatari. Tena mgeni huyu aliwaambia watu waache kutegemea pepo za mababu, ambazo juu yake mamlaka ya chifu yalisimama. Mtu mwenye nyumba akisikia mlango unagongwa usiku, hufikiri kwanza mwizi.

Hata hivyo aliyoyafanya Tabaro yalikuwa makali. Apolo alichukiwa, akapigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Wasomaji wake waliteswa pamoja naye. Kila mara aliijenga tena nyumba, akalilima tena shamba.

Kisha likatokea jambo zito kuliko yote. Apolo na wasomaji wake walikuwa katika kazi ya kujenga, na watu wakileta matete. Mkuki wa Apolo ulikuwa umesimamishwa katika nyasi. Dada yake Tabaro, aliyekuwa miongoni mwa waliobeba matete, akauangukia mkuki ule akafa. Hakuna aliyemwua kwa kusudi, lakini mkuki ulikuwa wa Apolo, na maiti alikuwa dada wa chifu. Apolo akashitakiwa kwa mauaji, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya serikali ya Waingereza.

Ndugu wasomaji, tufikiri hali yake. Mtu huyu aliacha nchi yake kwa hiari. Alilima ili asimlemee mtu. Sasa amelala gerezani kwa minyororo, akihesabiwa mwuaji, na kazi yake yote katika Mboga imeonekana kuwa imekwisha. Tena damu ya mwanamke yule ilikuwa jambo la kweli. Alikuwa amekufa, na watu wake walilia. Apolo hakuweza kujifariji kwa kusema kwamba ni uongo mtupu wa adui.

Katika gereza lile, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu katika ndoto au maono, aking'aa kama jua, akamwambia asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Apolo alilitaja jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake, na kila alipoingia katika shida alirudi kwenye nuru ile. Sisi tunaloweza kusema ni hili, kwamba mtu aliyeingia gerezani amevunjika moyo alitoka humo na nguvu mpya. Shitaka lilichunguzwa, ikaonekana hana hatia, akafunguliwa.

Alirudi wapi? Angeweza kurudi Buganda, wala hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kukaa Toro, ambako alipendwa. Lakini alirudi Mboga, kwa chifu yule yule aliyemshitaki, kwa ndugu za marehemu. Alirudi bila kudai fidia na bila kulipa kisasi, akaanza tena kufundisha.

Jambo hilo lilimshinda Tabaro. Vipigo na moto havikumfukuza mtu huyu, na gereza halikumtia chuki. Chifu akaanza kuuliza ni nguvu gani iliyo ndani yake. Hatimaye Tabaro mwenyewe akaja kusoma, akabatizwa, akaitwa Paulo, kwa jina la yule mtume ambaye naye alianza kwa kuwatesa Wakristo. Kama Apolo angelikata jina la Tabaro katika moyo wake siku ile nyumba ilipochomwa, Mboga isingalimpata Paulo Tabaro.

Na iangaliwe vema kwamba uvumilivu wa Apolo haukuwa unyamavu wa mtu mwoga. Hakumwambia Tabaro kwamba ubaya ni wema. Hakuacha kufundisha alipokatazwa. Mbele ya serikali kesi yake ilisikizwa na kweli ikadhihirika. Kuvumilia kwake kulikuwa na miguu ya kurudi na mikono ya kulima. Liko neno la watu kwamba subira huvuta heri. Lakini atakayeivuta kamba ni lazima asimame, hawezi kuivuta amelala.

Kasisi wa Toro

Desemba ya mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwezi wa Juni mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alitumika zaidi katika Toro, akizunguka vijiji kwa miguu, akifundisha, akibatiza, akiwazika watu. Watoto na vijana walikaa nyumbani mwake wakila chakula chake na kujifunza kwake. Yeye mwenyewe hakuwa na mke, lakini nyumba yake ilikuwa na sauti za watoto.

Hapa twajua kwamba msomaji angependa habari kubwa kuliko hizi. Lakini maisha ya Apolo kwa sehemu kubwa yalikuwa hivi: kuamka, kusali, kulima, kufundisha herufi, kumtazama mgonjwa, kusuluhisha ugomvi, kulala, na kuamka tena. Mambo makubwa ya maisha yake, yaani gereza na maono, yalichukua muda mfupi tu. Yaliyobaki, miaka karibu 40, ni kazi za kila siku. Maono yalimpa nguvu, lakini nguvu hiyo aliitumia shambani na darasani.

Mwaka 1915 Apolo alikuwa na umri wa miaka kama 51. Mpaka kati ya Uganda na Kongo ulikuwa umewekwa, na Mboga ikahesabiwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa huko wakawa katika nchi nyingine, chini ya serikali nyingine na lugha nyingine ya ofisi, wala hawakuwa na mchungaji wa kuwatunza. Apolo akaacha heshima aliyokuwa nayo Toro, akavuka tena Semliki, akaenda kukaa nao. Mtu wa umri ule hutafuta mahali pa kupumzika. Yeye alitafuta wale aliowaacha. Hakuondoka tena katika kazi hiyo, akaifanya kwa miaka 18 hata kufa kwake.

Watu wa msituni

Magharibi ya Mboga uko msitu mkubwa wa Ituri. Humo waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji na wachumaji wa asali, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Wengine waliwahesabu kama si watu kamili. Waliwatumia wapate nyama na asali, lakini hawakuwaita ndugu.

Kuanzia mwaka 1921 Apolo, ambaye sasa nywele zake zilikuwa zinageuka kuwa nyeupe, alianza kuingia msituni kwa ajili yao. Kazi hii ilihitaji saburi ya namna nyingine. Tabaro alikuwa adui anayejulikana alipo. Wambuti hawakuwa adui, lakini walihama. Leo wako hapa, kesho wamefuata mawindo. Mwalimu aliyezoea kujenga nyumba ya kusomea na kungoja watu waje, hapa alikuta kwamba yeye ndiye anayepaswa kuwafuata. Apolo aliwafuata. Alikaa nao na kuisikiliza lugha yao, na kazi ikaanza ya kuiweka Injili ya Marko katika lugha hiyo.

Tunaona kwamba njia ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza. Kwa Wanyamboga alikwenda na jembe, akaishi kama wao wanavyoishi. Kwa watu wa msitu aliingia katika njia zao na kukaa katika vibanda vyao. Hakuwaita kwanza wabadilike ndipo awapende.

Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Kijana wa bangi na koti la kijeshi sasa alikuwa na kiti cha heshima katika kanisa kuu la nchi yake. Cheo hicho hakikumrudisha mjini. Alikipokea kwa shukrani, kisha akarudi kwa watu wake, katika shamba na msitu.

Kufa kwake

Kanoni Apolo Kivebulaya alifariki Mboga tarehe 30 Mei mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka kama 69. Kabla ya kufa aliacha agizo juu ya kaburi lake. Desturi ilikuwa kumzika Mkristo akielekea mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikobaki. Akazikwa hivyo. Hata katika mauti hakutaka kuelekea mahali alipotoka, alitaka kuelekea wale ambao bado wanangojewa.

Na kweli kazi iliendelea bila yeye. Walimu aliowalea walishika jembe na kitabu baada yake. Mwaka 1972 Mboga, ambayo sasa huandikwa pia Boga, ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya kanisa la Kianglikana katika Kongo, na mwaka 1992 kanisa la nchi ile likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Ibada nyingi za kanisa hilo huendeshwa kwa Kiswahili, lugha hii tunayoandikia. Makanisa ya Kianglikana humkumbuka Apolo kila tarehe 30 Mei. Kama vile Mackay hakuiona siku ya ubatizo wa Apolo, ndivyo Apolo naye hakuyaona haya.

Maneno ya mwisho kwa wanachama

Sasa na turudi kwenye swali letu juu ya mwenzetu aliyelegea. Hatutaki kutumia maisha ya mtu wa Mungu kama rungu la kuwapigia wale waliosema jina likatwe. Chama kina sheria, na sheria ni lazima ziheshimiwe, la sivyo mjane anayetegemea mfuko huu atakuja siku moja akute hauna kitu. Anayelipa kila mwezi kwa shida naye ana haki ya kuulizwa anasikiaje.

Lakini maisha ya Apolo yatuonya juu ya jambo moja. Ni rahisi mtu kusema kwamba anavumilia, kumbe amesahau tu. Tumemngoja mwenzetu mwaka mzima, twasema. Je, ni nani kati yetu aliyekwenda nyumbani kwake? Huenda amefukuzwa kazi naye anaona haya. Huenda yuko mgonjwa nyumbani. Huenda kuna neno lililosemwa mkutanoni likamchoma, na aliyelisema hakumbuki. Kungoja kwa namna hiyo, mtu amekaa kitini na kitabu cha hesabu mbele yake, Apolo asingalikuita saburi. Yeye alingoja akiwa njiani, jembe begani.

Basi tungeomba kamati na wazee wafikiri shauri hili dogo. Kabla jina la mwanachama yeyote halijakatwa, watu wawili wamwendee nyumbani, wala si mara moja tu. Wasiende na karatasi ya deni peke yake. Kama ana shamba lililomshinda, walime pamoja naye asubuhi moja. Kama ana mgonjwa, waketi naye. Halafu ndipo waulize habari za mchango. Baada ya hayo, ikiwa ni lazima sheria itumike, itumike. Nasi tutakuwa na dhamiri safi, na yeye atajua kwamba mlango haujapigiliwa misumari.

Kila mmoja wetu anayesoma ukurasa huu, akitazama nyuma, ataona miaka ambayo yeye mwenyewe alingojewa. Alingojewa na mama, na mke, na mwalimu, na mwajiri, na juu ya wote na Mungu, asiyechoka upesi kama wanadamu. Apolo alilijua hilo kwa ajili ya miaka yake zaidi ya 16, akalilipa kwa Tabaro, na kwa Mboga, na kwa watu wa msitu. Nasi tunaanza mwaka mpya wa chama chetu tukiwa na deni hilo hilo. Mwenyezi Mungu atupe kulilipa, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba.